Kipande cha Mkasi

Tarver's Bend, Tennessee
14 Februari 1943

Vernell,

Mtoto usiye na haya, miaka minne! Hata maiti hutembelewa. Paka wa Dada Orpha alipotea mwaka juzi, na Jumanne iliyopita amerudi. Sikio moja hana, lakini amerudi. Wewe una masikio yote mawili na hujui njia ya kwenu.

Haya, salamu. Mimi mzima kwa kiasi changu. Paa la kanisa linavuja upande wa kwaya. Mchungaji anasema ni mapenzi ya Mungu, nikamwambia ni mapenzi ya misumari mibovu, akaninunia. Sukari tunapewa kwa kadi kwa sababu ya hivi vita, kahawa nainywa chungu kama dawa ya minyoo. Anayeandika hapa ni Dada Orpha Gaines, karani wa kanisa, maana unajua mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Nimemwapisha aandike kila neno langu, asinipambe.

Sasa nisikilize. Macho yangu yanafunga. Daktari wetu wa mjini alinimulika na taa mpaka machozi yakanitoka, akasema maji yamejaa ndani ya jicho yanalisukuma, na sehemu iliyokwisha kufa hairudi. Naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kuku akiwa kulia hayupo, akipita mbele yupo, akienda kushoto amepotea tena. Nikauliza, "Muda gani?" Akaanza kukohoa. Nikamwambia, "Daktari, nimezika waume wawili, sema." Akasema labda Krismasi, labda kabla yake.

Silii. Nimeona mengi, mengine ningefurahi kutoyaona. Lakini nataka kuuona uso wako kabla tundu halijaziba. Ulitoka hapa una miaka kumi na tisa na mashavu ya mtoto. Sasa huko California kuna mwanamke mzima anatembea na jina letu na mimi sura yake siijui. Na usinitumie picha ya karatasi. Zile ulizotuma umejipaka, umekodoa, hata kope hupepesi. Nataka uso unaotikisika.

Njoo.

Bibi yako,
Mahala Tisdale
(Huo msalaba hapo chini nimeuchora mwenyewe.)

~

Los Angeles, California
9 Machi 1943

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimekaa kitandani. Kile kifua ulichoniulizia mwaka jana kimepona, usiulize tena. Asubuhi napiga pasi mashuka ya hoteli, mchana nazunguka milango ya studio na viatu vyangu vya kuchezea, vile vyenye chuma kwenye soli, kwenye mfuko wa karatasi. Chumba ninachokaa kina dirisha. Mwenye nyumba anapika mboga za majani karibu kama zako, ila nyama ya kuungia anaionea huruma.

Kuja sasa siwezi, Bibi. Subiri kwanza, usikunje uso. Nimepata picha! Picha kubwa ya sinema. Mastaa wote wa studio wamo, kila mmoja anakuja na wimbo wake, mwingine na kichekesho chake, wanawachangamsha askari kwenye ukumbi. Hadithi yenyewe hakuna, ni nyimbo na ngoma juu ya nyimbo na ngoma. Sisi wasichana wanane weusi tunacheza na bendi ya watu wetu, na katikati wenzangu saba wanarudi nyuma, nabaki mimi peke yangu. Kamera inakuja mpaka usoni. Nimevaa nguo ya bluu yenye mikono mifupi, na nacheka, Bibi, kwa sababu waliniambia nicheke na pia kwa sababu nilishindwa kujizuia.

Ulisema unataka uso unaotikisika. Uso wangu utakuwa mkubwa kama ukuta wa ghala la pamba. Hata ukichungulia kwa tundu la sindano utauona. Picha itafika huko kabla ya majani kuanza kuanguka. Nisubiri kwenye sinema, halafu mimi mwenyewe nitakuja.

Mjukuu wako,
Vernell

~

Tarver's Bend
2 Aprili 1943

Vernell,

Marahaba. Nimepata salamu zako, na hiyo habari ya mwenye nyumba na nyama imenisikitisha. Mwambie mfupa wa nguruwe haupimwi kama dhahabu.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu Dada Orpha akaisoma tena pale wenzako wanaporudi nyuma ukabaki peke yako, nikaona hasira imekwisha bila ruhusa yangu. Jumapili nilisimama kanisani nikatangaza. Watu wote wa kanisa watakwenda. Hata mchungaji, aliyesema sinema ni mlango wa jehanamu, ameuliza bei ya mlango.

Basi nimeamua. Kama macho yana siku za kuhesabika, sitazimaliza kwa kuangalia kuku. Nimekata kitambaa cheusi kutoka ile sketi yangu ya mazishi, nimejifunga usoni. Asubuhi nakifungua nusu saa, nawasha moto, natazama kama kuna nyoka chini ya ngazi, nakifunga tena. Kupukuchua mahindi, kukoroga unga, kwenda chooni, yote nayafanya gizani. Nakuwekea macho yangu, kama mtu anavyoweka nyama kwenye chumvi.

Dada Orpha anasema macho hayawekwi hivyo. Nimemwambia kazi yake ni kuandika.

Uniambie tarehe.

Mahala

~

Los Angeles
20 Juni 1943

Bibi,

Shikamoo, na nisamehe kwa kuchelewa. Hatujambo. Joto limeanza, na mwenye nyumba sasa anaweka mfupa mzima, amesema nikufikishie salamu.

Bibi, fungua hicho kitambaa. Nimemuuliza daktari hapa, amesema macho hayaongezeki kwa kufungwa, na utavunjika nyonga. Tafadhali. Nikifikiria unatembea nyuma ya nyumba umejifunga nakosa usingizi.

Picha imemalizika. Kipande chetu tulikipiga siku tatu. Sasa nina kazi nyingine hapo hapo studio, ndani ya chumba kidogo, sina ruhusa ya kusema ni kazi gani. Ni kazi halali.

Itafika huko mwezi wa tisa. Lakini nafikiri, Bibi, si lazima uende. Ile roshani ya juu wanakotuweka sisi weusi ngazi zake ni mbovu, na viti ni vya mbao. Au uende kama mtu anayekwenda kusikiliza muziki tu, usitegemee sana. Picha hizi zina mambo mengi, mtu anaweza kupita haraka.

Nakupenda. Usiende peke yako.

Vernell

~

Tarver's Bend
3 Oktoba 1943

Vernell,

Salamu. Hatujambo. Pamba inavunwa, mikono haitoshi.

Tumekwenda. Tumekuona. Ulipendeza, na nguo ya bluu ilikukaa vizuri. Kanisa zima limekusifu. Mchungaji naye.

Macho yangu yako hivyo hivyo.

Bibi yako,
Mahala

~

Los Angeles
19 Oktoba 1943

Shikamoo Bibi.

Maisha yangu yote hujawahi kunipa barua fupi hivyo. Uliponifukuza jikoni kwa sababu ya sufuria niliyounguza ulisema maneno mengi zaidi ya hayo.

Bibi, ile picha haina rangi. Nguo ni bluu kwenye barua yangu. Kwenye kitambaa cha sinema ni kijivu kama vyote vingine, kama majivu. Ungekuwa umeniona ungenigombeza kwamba nimekudanganya kuhusu bluu.

Hukuniona. Nilijua tangu Machi kwamba huenda usinione, na sikukwambia. Hilo ndilo jambo langu, ngoja niliseme mpaka mwisho.

Sisi tukicheza kwenye picha kama hizi, tunapigwa peke yetu. Staa yeyote mzungu hasimami nasi, hazungumzi nasi, hapiti mbele yetu. Mtu anatangaza jina la bendi, tunaingia, tunacheza, tunatoka, pazia linafungwa. Anayefuata anaanza upya, kama hatukuwahi kuwepo. Wenyewe wanakiita kipande cha mkasi. Picha ikifika huko kusini, wenye sinema wasiotaka kuonyesha weusi wanatukata, wanaunga huku na huku, na hakuna hadithi inayoharibika maana hatukufungwa kwenye hadithi yoyote. Wasichana wenzangu walinicheka nilipowaambia bibi yangu yuko Tennessee. Mmoja akasema, "Vernell, mpenzi, kwa bibi yako wewe ni hewa." Nikamjibu labda mkasi hautafika mji mdogo kama wetu. Nikajidanganya mpaka nikaamini, halafu nikakudanganya na wewe.

Ulijifunga macho miezi yote ile kwa ajili yangu. Sijui nitajisamehe vipi. Nigombeze, Bibi. Hizo sifa zako zinaniumiza zaidi.

Vernell

~

Tarver's Bend
5 Novemba 1943

Vernell, mwanangu, kichwa kigumu kama wewe sikuzaa, nilirithishwa tu,

Umetaka ugombezwe, basi kaa chini.

Kwanza salamu. Dada Orpha anakusalimu, analia hapa juu ya karatasi, wino ukitawanyika ujue si mimi. Kwaya imehamia kushoto, paa nalo limehamia kuvuja huko huko.

Pili, ndiyo, nilidanganya. Nilidhani huna habari. Nilisema, mtoto kachezea ukuta mtupu, ngoja abaki na furaha yake. Kumbe wewe nawe ulikuwa unanilinda mimi. Wajinga wawili tunasukumana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake atangulie.

Sasa nikwambie siku ile. Ilikuwa Jumamosi mchana. Tulipanda ngazi zetu za nje, watu thelathini na nne pamoja na mchungaji, mimi mbele kwenye ukingo wa roshani, kitambaa mfukoni. Nilikifungua pale, macho yakiwa safi kama sahani. Akapita mwimbaji, akapita mchekeshaji na mbwa. Namuuliza Orpha, "Bado?" "Bado, Bibi Mahala." "Bado?" "Nitakugonga akitokea." Mara mwanamume mwenye tai akainua mkono akatangaza bendi. Orpha akanigonga mbavu karibu azivunje. Watu wetu wote wakasimama. Picha ikaruka kidogo, kama mtu aliyejikwaa, na tukaona askari wamekaa wanapiga makofi. Wanapiga makofi, wanapiga miluzi, wameridhika kabisa. Wanampigia nani? Hakuna mtu. Walikata ngoma, wakasahau makofi.

Nikasikia mtu mmoja nyuma anasema, "Ah, jamani." Tukakaa.

Sikutoka kwa sababu ngazi ni mbovu, kama ulivyosema, na kwa sababu sikutaka wale wa viti vya chini watuone tunashuka. Akaja yule staa wao, Bi Delphine Ashby, juu ya ngazi nyeupe, nywele kama mkate wa maziwa. Nikafumba macho. Sikuwa nimeyatunza kwa ajili yake.

Hapo ndipo nikasikia.

Vernell, mimi nilipigwa teke na nyumbu wa kulimia nikiwa na miaka kumi na moja, goti la kushoto likaunga upande, unajua. Nikicheza, kisigino cha kushoto kinachelewa. Kinafika baada ya wenzake, kama mzee anayeingia kanisani wimbo umekwisha kuanza. Nilipokufundisha pale kwenye mbao za jikoni, una miaka mitano, nilikufundisha hatua, wewe ukachukua na kilema. Nikikwambia, "Acha hicho, hicho ni goti langu," unaniambia, "Hapana Bibi, hapo ndipo patamu."

Nakwambia kile kisigino kilishuka zile ngazi nyeupe. Tiki-tiki-tiki, ta... ta. Kikachelewa pale pale. Nikamshika Orpha mkono, nikamwambia, "Ni Vernell."

"Wapi?"

"Huyo anayecheza."

"Bibi Mahala, huyo ni mzungu."

"Funga macho wewe, uone!"

Akafunga. Akasikiliza hatua chache, akasema, "Bwana Yesu." Akamwambia mchungaji, mchungaji akafumba. Ikaenda mstari kwa mstari mpaka nyuma, watu thelathini na nne wamelipa mlango wa sinema wamekaa macho wameyafumba, wanatabasamu gizani. Wale wa chini wangetuona wangedhani tumelala.

Walikukata uso, mwanangu. Miguu hawakujua kama ni yako, wakaiacha.

Kwa hiyo najua kazi ya chumba kidogo ni nini. Usinijibu kama hupaswi. Hukuniambia wewe, nimekwambia mimi.

Lakini usidhani hilo limenitosha. Nimekusikia. Nilitaka kukuona. Tundu limepungua, wiki hii nikimtazama Orpha napata pua au jicho moja, vyote pamoja sipati, na huo ni unafuu maana anajua mwenyewe alivyo. Daktari sasa hasemi Krismasi. Anakohoa tu.

Mahala

~

Los Angeles
22 Novemba 1943

Bibi,

Shikamoo. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo.

Nilitia sahihi karatasi kwamba sitasema, basi sisemi. Nitakuhadithia tu habari za chumba fulani. Kina ubao sakafuni na kitambaa cheupe cha sinema ukutani. Pale ukutani mwanamke anacheza na miguu yake haina sauti, na kwenye ubao mtu mwingine anamtazama na kumpigia sauti kwa viatu vyake. Yule mwanamke ana kifundo kibovu cha mguu na aibu nyingi. Siku moja alikuja chumbani akavua viatu, akamwomba yule wa kwenye ubao amfundishe ule ucheleweshaji. Walijaribu mchana mzima. Akashindwa. Akauliza, "Umejifunza shule gani hii?" Akajibiwa, "Shule ya jikoni, na mwalimu aliumizwa na nyumbu." Alidhani ni mzaha, akacheka peke yake, halafu akaona mwenzake hacheki. Akasema, "Basi wewe ndiye unayecheza. Mimi nasimama tu hapo." Alisema hivyo mle ndani. Nje ya mlango hakusema.

Wanaitaka tena miguu hiyo mwezi Januari, kwa picha nyingine, na mapatano ya mwaka mzima. Bwana wa ofisini alinisukumia kalamu. Nikamwambia kwanza nakwenda nyumbani, nitarudi nikirudi. Akasema, "Msichana, kuna miguu mingine mji huu." Nikasema, "Ipo, ndiyo," nikamrudishia kalamu yake. Nilipofika nje niligeuka nikatazama nyuma mara mbili, Bibi, sikwambii uongo. Sijui kama mlango ule utafunguka tena.

Tiketi ninayo. Treni zimejaa askari, huenda nisimame njia nzima, na kuanzia Texas nitahamia behewa letu sisi weusi nyuma ya injini. Nitashuka Tarver's Bend Alhamisi, tarehe kumi na sita Disemba, asubuhi.

Bibi, nina hofu moja tu. Kama nimechelewa?

Vernell wako

~

Tarver's Bend
1 Disemba 1943

Vernell,

Orpha ameisoma barua yako mara tatu, ya tatu kwa kulazimishwa. Kanisa limeambiwa. Mchungaji anataka uje usimulie, nimemwambia atangoja zamu yake, na zamu yake ni ya mwisho.

Huyo bwana wa kalamu mwache. Ulifanya vyema, na kama mlango umefungwa utagonga mwingine. Utakula hapa wakati unafikiria upi. Viazi vitamu vipo. Akina mama wa kwaya wamechanga sukari yao ya kadi, kijiko kwa kijiko, nikuokee mkate wa viazi. Usije umeshiba.

Umeuliza kama umechelewa. Sijui. Leo asubuhi nilikiona kikombe, nusu yake. Kesho ni ya Mungu. Kitambaa nimekitupa jikoni kwenye moto, ulikuwa ujinga wa mwanamke mzee, ingawa ule ujinga ulinipa kitu cha kufanya. Sasa natazama kila kitu kinachopita, hata kuku.

Sikiliza namna ya kuja. Fanya hivi hivi, usinibadilishie.

Ukishuka kwenye treni usinipungie mkono, na usiniite kutoka mbali ukanifanya nigeuze shingo huku na huku kama bata. Nitakuwa nimekaa na Orpha kwenye benchi letu la stesheni. Njoo umeosha uso, sitaki poda ya California. Vua kofia. Piga magoti mbele yangu, karibu, magoti yako yaguse yangu, na utulie, wewe ambaye hujawahi kutulia tangu uzaliwe. Mimi nitakutafuta polepole, paji la uso kwanza, halafu jicho hili, halafu lile, pua, mdomo, kovu la kidevu, nivikusanye kimoja kimoja mpaka nikupate mzima. Itachukua muda. Watu watatutazama, waache watazame. Ukitaka kulia, lia bila kutikisa kichwa.

Na usinikumbatie, Vernell, hata ukiwa unakufa kwa hamu, mpaka niseme nimemaliza.

Mahala